Neno Eneo katika Katiba na Maji ya Ziwa Nyasa: Kutoka Mkataba wa 1890 hadi Ufuko wa Mbinga

Utangulizi

Katika nadharia ya sheria ya katiba, dola hutambuliwa kwa mambo makuu matatu: watu, eneo na mamlaka. Misingi mingine, kama vile ukuu wa katiba, mgawanyo wa madaraka na haki za raia, huchukulia kwamba eneo linajulikana. Historia ya ufuko wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, inatilia shaka dhana hiyo. Ufuko huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa. Makala haya yanadai kwamba neno eneo, kama lilivyotumika katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, halijitoshelezi kimaana. Ili kulifasiri, msomaji hulazimika kurudi kwenye hati ambazo Kiswahili hakikushiriki kuziandika.

Mstari wa 1890

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika ya Mashariki. Ibara yake ya 1 ilieleza kwamba mpaka wa himaya ya Ujerumani ungefuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hadi mlango wa Mto Songwe. Kwa tafsiri ya moja kwa moja, mwenyeji wa Liuli alibaki na mchanga, nayo maji yakawa ya upande wa pili. Hata hivyo, Ibara ya 6 iliruhusu mistari hiyo irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali.

Maisha ya ziwani hayakuufuata mstari huo. Misheni ya UMCA, iliyokuwa na makao yake kisiwani Likoma, ilihudumia vijiji vya ufuko wa mashariki kwa meli. Wajerumani nao walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliishambulia hapohapo Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, mnamo Agosti 1914. Baada ya vita, baadhi ya ramani za utawala wa Kiingereza Tanganyika zilionyesha mpaka ukipita katikati ya ziwa. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana kwamba, upande wa Msumbiji, mpaka upite katikati ya maji. Tanganyika haikupata makubaliano ya namna hiyo.

Uhuru ulirithi utata huo. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika ililieleza Bunge kwamba hakuna sehemu ya ziwa iliyokuwa ndani ya mipaka yake. Mwaka 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuliunga mkono azimio hilo. Mwaka 1967 Tanzania ilishikilia kwamba mpaka ni katikati ya ziwa. Mwaka uliofuata Rais Banda wa Malawi alidai hata sehemu za nchi kavu, Songea ikiwamo. Kwa hiyo pande zote mbili ziliafiki kanuni ya mipaka ya kurithi. Kilichobishaniwa kilikuwa ni mpaka upi uliorithiwa.

Eneo katika Katiba ya 1977

Ibara ya 2 ya Katiba inalitaja eneo la Tanzania Bara na la Tanzania Zanzibar, pamoja na sehemu ya bahari inayopakana na nchi. Maziwa hayatajwi. Ibara ya 151 nayo inaifasili Tanzania Bara kuwa ni eneo lililokuwa la Jamhuri ya Tanganyika. Fasili hiyo inaelekeza nyuma: kutoka 1977 hadi Tanganyika, kutoka Tanganyika hadi utawala wa Kiingereza, na hatimaye hadi 1890.

Hapa isimu inasaidia. Neno eneo limetokana na kitenzi enea. Linadokeza upana unaotandaa. Mkataba ulizungumzia mstari, tena mstari wa ufuko ambao husogea kila maji yanapojaa au kupungua. Neno katiba, lenye asili ya Kiarabu inayohusu kuandika, huahidi kwamba jambo la msingi limeandikwa. Kuhusu ziwa, ahadi hiyo haijatimizwa.

Utofauti wa mipaka ya ndani na ya nje unakazia hoja hii. Ibara ya 2 inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya. Ndiyo maana Nyasa iliweza kutengwa na Mbinga bila kuhitaji ridhaa ya taifa jingine. Mpaka wa nje hauamuliwi hivyo. Unahitaji mkataba, na kwa Ibara ya 63 mikataba inayohitaji kuridhiwa huridhiwa na Bunge.

Hitimisho

Ibara ya 8 inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Mvuvi anayesukuma mtumbwi Mbamba Bay ni mmoja wa wananchi hao, lakini Katiba haimwelezi ni hatua ngapi baada ya ufuko anaendelea kuwa chini ya mamlaka aliyoyaunda. Mgogoro ulipofufuka mwaka 2012 kuhusu utafutaji wa mafuta, na usuluhishi kukabidhiwa viongozi wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano, swali lilikuwa lilelile. Ukuu wa katiba ni msingi thabiti. Hata hivyo, katika ufuko huu, unasimama juu ya neno moja ambalo maana yake bado inatafutwa nje ya katiba yenyewe.