Nani Anaweza Kuondoka? Taaluma ya Usimamizi Ikitazamwa kutoka Mangateen

Mjini Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, mkubwa wa ofisi huitwa mudir. Neno ni la Kiarabu, na nduguye tunaye ndani ya Kiswahili bila kumtambua: idara imezaliwa na shina hilohilo, shina la kuzungusha na kuendesha. Enzi za ukoloni mudir wa Sudan alitawala jimbo zima, ilhali mudiri wa Unguja alikuwa ofisa wa serikali aliyeshika sehemu ya wilaya. Leo cheo kimeshuka hadi kwenye meza ya ofisi, lakini picha ni ileile: gurudumu, na mtu mmoja anayelizungusha.

Picha hiyo inapata taabu ikifika Mangateen, mtaa wa Juba wenye kambi ya watu waliokimbia makwao, wengi wao Wanuer. Mapigano yalizuka mjini humo Desemba 2013, yakarudi Julai 2016, na mwaka 2018 wengine wakahamishiwa Mangateen kutoka eneo la hifadhi la Umoja wa Mataifa. Katika kambi ya namna hii, mudir ni nani? Lipo shirika lenye jukumu linaloitwa rasmi usimamizi wa kambi. Wapo wawakilishi wa wakazi, wapo wazee ambao neno lao huzima ugomvi, ipo serikali yenye mamlaka ya nchi, na wapo wafadhili walio mbali, ambao barua yao moja inaweza kupunguza mgawo wa chakula. Kila mmoja anazungusha gurudumu, na hakuna hata mmoja mwenye gurudumu lake.

Mwanafunzi wa shahada ya menejimenti, awe Nairobi, Dar es Salaam au Juba kwenyewe, hawezi kuieleza hali hiyo kwa vitabu vyake vya mwaka wa kwanza. Lawama haimfikii yeye wala vitabu. Vitabu hivyo vilijibu swali la mahali pao, na kosa letu ni kulichukua jibu tukidhani swali lake ni la watu wote.

Mahali hapo panajulikana. Shule ya biashara ya Wharton ilianzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1881, ile ya Harvard ikafuata mwaka 1908, na mwaka 1911 Frederick Winslow Taylor akachapisha kitabu chake kuhusu kanuni za usimamizi wa kisayansi. Mfano wake mashuhuri ni kibarua wa kiwanda cha chuma cha Bethlehem, aliyemwita Schmidt. Kwa kupangiwa lini ainue mzigo na lini apumzike, Schmidt alitoka kwenye tani 12.5 za chuma kwa siku hadi 47.5, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Swali la Taylor lilikuwa la haki kwa kiwanda chake: kazi ipimwe vipi, na mpimaji awe nani?

Nyuma ya swali hilo palikuwa na mlango ambao Taylor hakuutaja sana, kwa kuwa kwake ulikuwa sehemu ya jengo. Kibarua aliyeshindwa alitolewa, na aliyechoka alitoka. Henry Ford aliuona mlango huo kwa uchungu. Mwaka 1913 kiwango cha wafanyakazi kuacha kazi kiwandani kwake kilifikia asilimia 370 kwa mwaka: ili nafasi moja isikae tupu, ilibidi kuajiri watu watatu na zaidi. Januari 1914 akatangaza ujira wa dola tano kwa siku. Ukarimu huo ulifundishwa na miguu ya watu waliokuwa wakiondoka.

Mtu aliyeupa mlango huo jina la kitaaluma alianzia Afrika. Mchumi Albert Hirschman alilitazama shirika la reli la Nigeria akashangaa kwa nini huduma ilizidi kuwa mbovu wakati malori yalikuwa yakilinyang'anya abiria na mizigo. Jibu lake, katika kitabu cha mwaka 1970, lilikuwa jepesi na kali: wateja ambao wangepiga kelele ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia malori. Mtu asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kusema, na njia moja ikiwa rahisi mno, nyingine hunyauka. Nauchukua ufunguo huo kuzipima mila kadhaa za kusimamia watu. Katika kila moja nitauliza: nani anaweza kuondoka?

Tuanze pwani, kwenye neno letu wenyewe. Msimamizi leo ni cheo cha heshima, lakini katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba karne ya 19 msimamizi alisimama juu ya watumwa. Chini yake walikuwa nokoa na kadamu, ambao mara nyingi walikuwa watumwa pia. Hapa mlango ulifungwa kwa sheria, na sheria hiyo haikutenguka Unguja hadi mwaka 1897. Hata hivyo palikuwa na watoro, na makazi yao ya Witu na Fuladoyo, katika pwani ya Kenya ya leo, yalikuwa tishio kwa kila mwenye shamba. Kwa sababu hiyo mabwana walijadiliana na watumwa wao zaidi ya walivyopenda kukiri: siku za mapumziko na vishamba vya chakula vilikuwa bei ya kuwafanya wabaki.

Ng'ambo ya Atlantiki mashamba ya pamba nayo yalikuwa na mpangilio wake, na kalamu. Mwanahistoria Caitlin Rosenthal ameonyesha, katika kitabu cha mwaka 2018, jinsi wenye mashamba wa Marekani walivyotumia madaftari yaliyochapwa kupima pamba iliyochumwa na kila mkono, na hata kukadiria thamani ya mtumwa ilivyopanda au kushuka kwa mwaka. Miaka kumi na mitano kabla yake, Bill Cooke alikuwa amewashutumu wanataaluma wa menejimenti kwa kuufuta utumwa katika historia yao. Tofauti ya pwani zote mbili na Bethlehem ni kubwa, kwani Schmidt aliuza siku yake, mtumwa aliuzwa mwenyewe. Lakini daftari na mpimaji ni jamaa wa karibu, na taaluma inayoanza hesabu ya ukoo wake kwa Taylor imeruka kizazi kizima.

Sasa tuugeuze mlango. Msafara wa Wanyamwezi kutoka Tabora kwenda pwani ulikuwa shirika kubwa lisilo na kuta. Mbele alitangulia kirangozi, aliyejulikana kwa mavazi yake, na wanyampara waliongoza makundi yao ya wapagazi. Hapa kuondoka kulikuwa rahisi kuliko kila kitu: mpagazi aliutua mzigo usiku, na alfajiri hayupo. Wazungu waliosafiri nao walijaza vitabu malalamiko juu ya kutoroka na kugoma, wakayaita utovu wa nidhamu. Ukisoma kwa jicho jingine unakuta mila ya kazi yenye kanuni zake kuhusu uzito wa mzigo, posho, mwendo wa siku na mahali pa kulala. Kiongozi aliyezivunja alibaki porini na marobota yasiyo na mbebaji.

Neno lenyewe linasimulia yaliyofuata. Mnyampara alikuwa mkubwa aliyefuatwa na watu wake kwa hiari. Ukoloni ukalichukua jina lake ukaliingiza kwenye kazi za barabara, mashamba na magereza, na leo nyapara ni yule anayewasimamia wenzake wasioweza kutoka. Cheo hakikubadilika jina. Kilichobadilika ni mlango.

Wanuer, ambao wengi wa wakazi wa Mangateen ni wao, wana jibu la tatu. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alipofika kwao mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imetoka kupigana nao na ilitaka kujua ni nani anayetoa amri. Kitabu alichochapisha mwaka 1940 kilijibu kwamba hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Palikuwa na kuaar muon, mvaa ngozi ya chui. Mtu akiua, alikimbilia nyumbani kwake, wala hakula wala kunywa hadi mzee huyo amchanje mkono damu itoke. Kisha kuaar alikwenda na kurudi baina ya pande mbili kuhusu fidia, iliyotajwa kuwa ng'ombe 40 hadi 50. Wafiwa walikataa kwanza, kwa kuwa heshima ya marehemu ilidai wakatae, naye akaendelea kuwasihi, pengine akitishia laana, hadi wakubali kwa ajili yake. Hakuwa na askari wala jela.

Taylor angemwona kuaar muon kama mtu asiye na kazi maalumu, na kuaar angemwona Taylor kama mtu anayehesabu vyuma huku watu wamenuniana. Wote wawili walikuwa mabingwa. Mmoja alitaka tani ziongezeke baina ya watu wanaoweza kuachana jioni. Mwingine alitaka majirani wenye damu baina yao waweze kunywesha ng'ombe mto mmoja. Hata kuhama, ambako kwa mfugaji kunawezekana, hakukumaliza deni, kwani damu huhama na ukoo.

Kuna mila za kiwandani zilizolisogelea swali la kuaar muon, la watu wasioweza kuachana. Toyota ilikaribia kufilisika, ikapita katika mgomo mkali wa mwaka 1950, ikapunguza wafanyakazi kwa wingi, na rais wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Mapatano yaliyofuata yaliwahakikishia waliobaki ajira ya muda mrefu. Kwa kuwa mlango umefungwa kwa pande zote mbili, kusema kulipewa chombo chake, na hatimaye mfanyakazi wa kawaida alipewa kamba ambayo akiivuta mstari mzima husimama. Waswahili wangeielewa Toyota kwa lugha ya chombo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mkiwa katikati ya bahari hakuna anayeshuka, basi hata anayekumba maji ngamani ana la kumwambia nahodha.

Tanzania nayo ilijaribu kukipa kinywa nguvu. Mwongozo wa TANU, chama tawala, wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye majivuno, na wafanyakazi wakausoma kama hati yao. Waligoma kwa ajili ya heshima kuliko ujira. Wengine waliwafungia mameneja nje, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walichukua uendeshaji wenyewe. Katikati ya vuguvugu hilo, mwaka 1972, serikali ilifuata ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey katika kupeleka madaraka mikoani, na mwaka huohuo Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kikaundwa Mzumbe, mahali palipokuwa na shule ya serikali za mitaa tangu 1953. Sauti mbili zilifundisha usimamizi katika nchi moja kwa wakati mmoja. Wimbi la viwandani lilizimwa, chuo kikabaki, na sasa ni chuo kikuu. Issa Shivji aliyaandika ya viwandani katika kitabu chake cha mwaka 1976, lakini kwa kawaida husomwa na wanafunzi wa siasa na sheria, mara chache na wa menejimenti.

Sasa turudi Mangateen na ufunguo wetu mkononi. Kwa mkazi, uzio wa kambi si jela. Anatoka kwenda sokoni au kutafuta kibarua, na jioni anarudi. Kilichokosekana ni pa kuondokea, kwa kuwa kwa wengi nyumba ya zamani imeungua, imekaliwa na mtu mwingine, au iko katika mtaa ambamo hathubutu kulala. Hafanani na Schmidt, kwa kuwa hakuna anayeweza kumfuta kazi katika ukimbizi wake. Hafanani na mpagazi, kwa kuwa akiutua mzigo hakuna nyumbani kunakomngoja. Amekaa na majirani ambao hakuwachagua, karibu na hali ya mabaharia, na anamhitaji kuaar muon kuliko mpima saa.

Anayeweza kuondoka hapa ni msimamizi. Mkataba wa shirika una tarehe ya mwisho, bajeti ya mfadhili ina mwaka wake, mfanyakazi kutoka nje ana tiketi ya ndege. Mila nyingi tulizozipitia zilimwogopa anayesimamiwa asitoroke, na hapa anayesimamiwa ndiye anayeogopa kuachwa. Taaluma changa ya usimamizi wa kambi, iliyopata kitabu chake cha mwongozo mwaka 2004 na nafasi rasmi katika mageuzi ya misaada ya mwaka 2005, inahimiza kamati, uwakilishi wa wanawake na vijana, na madawati ya malalamiko. Hizo ni njia za kusema, na ni za thamani. Lakini kusema humtikisa mtu anayelazimika kubaki. Malalamiko kwa mtu mwenye mguu mmoja mlangoni yanasikilizwa kwa adabu, kisha yanaandikwa kwenye ripoti.

Nadhani kuifikiria upya taaluma hii kuanzie hapo. Kuongeza sura ya Kiafrika mwishoni mwa kitabu, yenye neno ubuntu na picha ya mti wa wazee, hakutoshi, na kwa kiasi fulani kunatudhalilisha: kunaufanya usimamizi wa Bethlehem kuwa sayansi na wa Wanuer kuwa utamaduni. Vyote viwili ni elimu iliyotoka mahali fulani, kila moja na mlango wake. Somo la kwanza lingeweza kuwa kuchora milango hiyo: anayetoka, anayetolewa, anayebaki, na gharama ya kila mmoja. Kipimo cha tani kingefuata, na kingefundishwa vizuri zaidi.

Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinalijua somo hili kwa mwili wake. Vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan vilipopamba moto kilihamishiwa Khartoum, kikaishi huko miaka mingi, kisha kikarudi. Kiliweza kuondoka, na mji ukabaki. Leo madarasa yake na kambi ya Mangateen vimo katika mji mmoja, na mwalimu wa menejimenti anaweza kuwapa wanafunzi wake swali la mtihani lisilo na jibu katika kitabu chochote cha Philadelphia: msimamizi akiaga kesho asubuhi, nani atafungua bomba la maji, na kwa amri ya nani?