Nguvu, Uzito na Mkono: Historia ya Msumeno wa Mnyororo hadi Misitu Yetu

Ukikaa nusu saa tu kwenye vibanda vya mbao mjini Masindi, magharibi mwa Uganda, utasikia ubishi usiokwisha: mashine ipi ina nguvu zaidi? Mmoja atasifu Stihl 070 ya zamani, mwingine atasema Husqvarna ni nyepesi na ina kasi, wa tatu atacheka na kusema nakala ya bei nafuu kutoka China inatosha. Babu yangu, aliyepasua mbao kwa msumeno wa shimo kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye pawa soo, hakupenda kuingia katika ubishi huo. Nilipomuuliza yeye angechagua ipi, alininyooshea mikono yake. “Mjukuu wangu, usiniulize mimi, uliza mikono hii.” Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa na ganzi, na kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili kama mtoto.

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike insha hii. Historia ya msumeno wa mnyororo huelezwa mara nyingi kama historia ya nguvu: injini ikakua, miti ikaanguka upesi. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba mambo hayakwenda hivyo. Kilichobadilika zaidi si nguvu, bali ni uzito, usawa wa mashine mkononi na usalama wa anayeishika. Nitaonyesha pia kwamba mabadiliko ya mwisho, yale yanayohusu mkono wa binadamu, yalichelewa kufika katika misitu yetu, na mahali pengine hayajafika hadi leo.

Tuanze na kazi ilivyokuwa kabla ya injini. Gogo lilichongwa likawa na pande bapa, kisha likaviringishwa hadi juu ya shimo au jukwaa la miti. Mistari ilipigwa kwa uzi uliochovywa katika unga mweusi wa mkaa au wa betri kuukuu. Mtu mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine chini yake. Wa juu aliongoza msumeno ufuate mstari, wa chini aliuvuta, na unga wa mbao ukamwangukia machoni na kifuani. Kazi hiyo ilikuwa ya taratibu, lakini ilikuwa na faida moja ambayo wengi wameisahau. Msumeno wa mkono ni mwembamba, na njia yake ndani ya gogo haizidi milimita chache. Jambo hili nitalirudia.

Ajabu ni kwamba wazo la mnyororo wenye meno halikuzaliwa msituni. Lilizaliwa hospitalini. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wa Uskoti John Aitken na James Jeffray walitumia mnyororo mdogo wenye meno kukata mfupa, mmojawapo ukiwa mfupa wa nyonga wakati wa uzazi mgumu. Karibu mwaka 1830, Mjerumani Bernhard Heine alitengeneza kifaa cha kukatia mifupa ambacho mnyororo wake ulizungushwa kwa mpini kuzunguka bamba. Anayekitazama leo anaona mara moja umbo la pawa soo: bamba, mnyororo na mshikio. Kilichokosekana ni injini.

Injini ilikuja miaka ya 1920 huko Ujerumani. Mwaka 1926 Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mjini Stuttgart. Mwaka uliofuata Emil Lerp alijaribu msumeno wa petroli katika mlima uitwao Dolmar, katika eneo la Thuringia, na jina la mlima huo likawa jina la kampuni yake. Mashine ya Lerp ilikuwa na nguvu farasi 8 na uzito wa kilo 58. Mwaka 1929 Stihl naye alitoa mashine ya petroli yenye nguvu farasi 6 na uzito wa kilo 46. Zote mbili zilihitaji watu wawili, mmoja upande wa injini na mwingine kwenye ncha ya bamba. Kwa maneno mengine, injini ilikuwa imeingia, lakini mpangilio wa kazi ulibaki uleule wa shimoni: watu wawili na chombo kimoja katikati yao.

Hapa naomba msomaji afanye hesabu ndogo pamoja nami. Gawanya uzito kwa nguvu. Mashine ya mwaka 1929 ilikuwa na karibu kilo 7.7 kwa kila nguvu farasi moja. Sasa ruka hadi mwaka 1959, Stihl ilipotoa mashine iliyoitwa Contra. Nayo ilikuwa na nguvu farasi 6, zilezile za mwaka 1929, lakini uzito wake ulikuwa kilo 12 tu. Yaani kilo 2 kwa nguvu farasi moja. Kwa miaka 30 nguvu haikuongezeka hata kidogo kati ya mashine hizi mbili, ilhali uzito ulipungua karibu mara nne. Mtu akisema historia ya pawa soo ni historia ya nguvu, hesabu hii inampinga.

Uzito ulipungua kwa sababu gani? Sababu ya kwanza ni metali nyepesi, yaani alumini na magnesiamu, ambazo matumizi yake katika injini ndogo yalienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1949 kampuni ya McCulloch ya Marekani ilitoa msumeno wa mtu mmoja wenye uzito wa ratili 25, yaani kilo 11 na kidogo. Mwaka 1950 Stihl nayo ilitoa wa kwake wa mtu mmoja, wenye kilo 16. Sababu ya pili ni kuondolewa kwa giaboksi: katika Contra, klachi iliuzungusha mnyororo moja kwa moja. Sababu ya tatu ni kabureta. Kabureta ya zamani ilifanya kazi ikiwa imesimama wima tu, kwa hiyo mashine ilihitaji kiungo cha kugeuza bamba huku injini ikibaki wima. Kabureta mpya yenye utando iliruhusu mashine kulazwa ubavu bila injini kuzimika. Hapo ndipo mtu mmoja alipoweza kukata mti chini, kukata matawi na kukata magogo kwa chombo kilekile.

Meno nayo yana historia yake. Minyororo ya mwanzo iliiga meno ya msumeno wa mkono, ikakwaruza mbao na kuwa butu upesi. Mwaka 1946 Joseph Buford Cox, mkata miti wa Oregon nchini Marekani, aliona buu la mende likitafuna mbao, likikata kwa urefu na kwa upana bila shida. Aliiga taya za buu hilo, na mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wenye meno yaliyopinda. Minyororo mingi ya leo bado inafuata wazo hilo. Hivyo mashine ileile ilikata vizuri zaidi bila kuongezewa nguvu hata moja.

Kufikia hapo msumeno ulikuwa mwepesi na mkali, lakini uliumiza. Mtetemo wa injini ulipita kwenye mshikio hadi vidoleni saa baada ya saa. Katika miaka ya 1960 madaktari wa nchi zenye baridi waliona wakata miti wengi ambao vidole vyao viligeuka vyeupe na kupoteza hisia. Ugonjwa ukaitwa kidole cheupe. Watengenezaji walijibu kwa kutenganisha mshikio na injini kwa mpira au springi. Stihl ilifanya hivyo katikati ya miaka ya 1960, na Husqvarna ya Uswidi mwaka 1969. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja breki ya mnyororo. Ncha ya juu ya bamba ikigusa mbao, mashine huruka nyuma kuelekea usoni kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Breki husimamisha mnyororo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mabadiliko haya mawili hayakuongeza nguvu wala kasi. Yalimlinda mtu.

Sasa turudi nyumbani. Katika msitu wa Budongo, ambao mivule na mikangazi yake inajulikana sana, kazi ya mbao wakati wa ukoloni ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa viwanda. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, ambao miongoni mwao walikuwamo wenye viwanda vya mbao. Miaka ya vurugu iliyofuata ilidhoofisha viwanda, vipuri vikakosekana, na wapasuaji wa shimoni wakachukua nafasi kubwa zaidi. Baadaye pawa soo ikawafuata humohumo msituni. Haikutumika kuangusha mti tu, bali pia kupasua mbao palepale gogo lilipolala. Hali kama hiyo ipo ng'ambo ya mpaka, katika Ituri na Kivu Kaskazini nchini Kongo, ambako mbao nyingi hupasuliwa kwa mashine za mkononi na kuvushwa hadi Uganda, na nyingine huendelea hadi Kenya.

Mashine iliyotawala kazi hiyo ni Stihl 070, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Tuilinganishe kwa haki na dada yake mdogo, MS 660. Ile 070 ina injini ya karibu sentimita za ujazo 106, nguvu farasi 6.5 na uzito unaozidi kilo 10 bila bamba. MS 660 ina injini ndogo zaidi, ya karibu sentimita za ujazo 92, lakini inatoa nguvu farasi 7 kwa uzito wa kilo 7.3. Kwenye karatasi hakuna ushindani: moja ina karibu kilo 1 kwa nguvu farasi, nyingine zaidi ya kilo 1.5. Mbona basi mafundi wetu waliendelea kuipenda 070?

Mtu asiwaone wajinga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kupasua mbao kwa urefu wa gogo la mti mgumu ni kazi ya kukata mfululizo, na 070 huvuta kwa nguvu hata ikizunguka taratibu, tofauti na mashine ndogo zinazotegemea kasi. Vyuma vyake ni vichache, na fundi anaweza kuifungua chini ya mti. Zaidi ya hayo, wakati wa kupasua, gogo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito. Kilo tatu za ziada huumiza mtu anayepanda mlima au kuangusha mti, si yule aliyeinama juu ya gogo.

Lakini mtetemo haubebwi na gogo. Hapa ndipo tatizo lilipo. 070 nyingi zilizofika kwetu hazina breki ya mnyororo, na kinga yake dhidi ya mtetemo haifikii ya mashine zilizoifuata. Miongo kadhaa baada ya wakata miti wa Ulaya kupata mashine zinazolinda vidole na uso, wa kwetu waliendelea kununua mashine ya kizazi kilichotangulia, kisha nakala zake. Na kuna jambo moja linalofanya madhara yasionekane. Weupe wa vidole huletwa na baridi. Katika nchi ya joto kidole hakigeuki cheupe kwa urahisi, ila ganzi inakuja vilevile. Babu hakuwahi kuwa na kidole cheupe, kwa hiyo hakuna aliyemwambia kwamba anaumwa. Watu walisema ni uzee.

Msitu nao ulilipa. Nilisema nitaurudia wembamba wa msumeno wa mkono. Mnyororo mkubwa hula njia ya karibu milimita 9. Ukipasua mbao 10 zenye unene wa milimita 25, unakata mara 9 katikati yake, na milimita 81 zinageuka unga. Hizo ni mbao tatu na zaidi. Msumeno wa shimo wenye njia ya milimita 4 ungepoteza milimita 36, yaani ubao mmoja na nusu hivi. Kwa hiyo kasi tuliyoipata ilinunuliwa kwa mbao zilizobaki chini zikiwa unga, na kwa vidole.

Sidai kwamba turudi shimoni. Babu mwenyewe alinicheka nilipomuuliza hivyo. Alisema anayelisifu shimo hajawahi kusimama chini. Ninachosema ni kwamba kulinganisha mashine kwa nguvu peke yake ni kuisoma historia nusu. Wahandisi wenyewe walitumia miaka 30 ya kwanza kupunguza uzito, na iliyofuata kuulinda mkono. Ubishi wa vibandani Masindi ungekuwa na maana zaidi kama ungeuliza pia: ina kilo ngapi, inatulia vipi mkononi, ina breki, na baada ya miaka 20 mwenye mashine ataweza kushika kikombe?

Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kutafuta habari za misitu katika sheria, ramani na hesabu za viwanda. Hizo ni muhimu. Lakini sehemu ya historia hiyo imeandikwa katika mikono ya wazee ambao bado wako hai, nao hawatakuwapo siku zote. Tukawaulize mapema.