Mwezi wa Kipande Ulikuwa na Siku Ngapi?

Ndugu msomaji, kuna maneno ambayo vijana wa Morogoro tunatupiana vijiweni bila kujua yametoka wapi. Mojawapo ni manamba. Ukimwona mwenzako anabeba magunia tangu asubuhi mpaka jioni kwa malipo ya kulamba kidole, unamwambia, "Wee, siku hizi umekuwa manamba?" Watu wanacheka, mambo yanaisha. Lakini hilo si neno la utani. Ni jina la watu. Walishuka kwenye stesheni za reli ya kati, kila mmoja akiwa na namba yake aliyoandikiwa na mwajiri, wakaingia kwenye mashamba ya mkonge kwa mkataba ambao wengi wao hawakuweza kuusoma. Dole gumba likachovywa wino, likabanwa kwenye karatasi, kazi ikaanza.

Nimewakumbuka watu hao kwa sababu ya swali moja linalowasumbua vijana waliomaliza shule na kubahatika kuitwa kazini: mshahara huu ninaoahidiwa, je, ni wa haki? Ukiwauliza wakubwa nyumbani watakujibu kwamba mkono mtupu haulambwi, pokea kwanza, mengine yatajileta. Ukiwauliza wenzako watakutajia mtu fulani wa Dar anayepata mara tatu ya hizo. Wote wanatazama namba. Mimi nasema namba peke yake haitoshi, na ushahidi wa jambo hili upo hapa hapa mkoani kwetu. Hebu tuufuate.

Mkonge haukuwa mmea wetu. Uliletwa na Mjerumani, Daktari Richard Hindorf, mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai ikapandwa kule Tanga. Kutoka miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyofika mpaka Pangawe, Tungi, Ngerengere, Kimamba na Kilosa. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, njia ya kusafirisha singa ikawa imefunguka. Shida ikabaki moja: nani atakata? Serikali ya Wajerumani ilikuwa imeshaanza kutoza kodi ya nyumba tangu mwaka 1898, na Waingereza waliokuja baadaye nao wakaendelea kudai kodi. Mtu asiyekuwa na zao la kuuza ilimbidi atafute fedha, na fedha ilikuwa shambani kwa mzungu.

Hapo ndipo tunakutana na kipande. Wenzetu wa Kenya wakisikia neno hili wanakumbuka kile kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukitembeza shingoni. Kipande cha Tanganyika kilikuwa kingine. Kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi ya siku uliyopimiwa, unawekewa alama. Siku 30 zikitimia, unalipwa. Zisipotimia, hulipwi.

Sasa basi, tazama ujanja uliomo humo. Siku 30 za kipande hazikuwa mwezi wa kalenda. Jumapili haihesabiwi. Siku ya homa haihesabiwi. Siku uliyokata mkonge lakini hukufikisha idadi ya mafungu uliyopangiwa nayo ingeweza kupotea, jasho lako likaenda bure. Kwa hiyo wengi walichukua wiki sita au zaidi kumaliza kipande kimoja. Tuseme mtu kaahidiwa shilingi 24 kwa mwezi. Akimaliza kipande kwa siku 45, kwa mwezi wa kalenda amepata shilingi 16. Mwajiri hakusema uongo, na shilingi 24 alizitoa zote. Alichokifanya ni kuurefusha mwezi.

Na mtu akichoka akaondoka kabla ya kumaliza mkataba? Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilihesabu kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Leo ukiacha kazi vibaya unaweza kudaiwa fedha. Enzi hizo ungeweza kufungwa. Bei ya kazi haiwezi kuwa ya haki pale ambapo mwuzaji haruhusiwi kuondoka na bidhaa yake.

Wakati haya yanatokea, Waluguru waliokaa juu ya milima, wakiyaona mashamba hayo yamelala bondeni, walikuwa wapi? Wengi wao hawakuwa na hamu. Milima ya Uluguru ina mvua nyingi na mito isiyokauka. Mtu wa juu aliweza kulima mahindi, ndizi na maharage, na baadaye akashusha mboga na matunda kuuza mjini, akalipa kodi kwa mfuko wake mwenyewe. Ardhi ilikuwa ya ukoo, tena ukoo wa upande wa mama. Kwa nini ashuke akakatwe na miiba ya mkonge? Wapo walioshuka, hasa mwaka wa shida, lakini mashamba yalitegemea sana watu waliotolewa mbali. Waajiri wa mkonge walikuja hata kuanzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, ikajulikana kwa jina la SILABU, mwaka 1944. Waliletwa watu kutoka Unyamwezi, kutoka kusini, hata kutoka nje ya mipaka ya Tanganyika.

Wazungu wengi waliwaita watu wa namna hii wavivu. Mimi naona walikuwa na hesabu. Mluguru alikuwa na kitu cha kulinganisha. Alijua shamba lake linampa nini, na ndiyo maana aliweza kusema hapana. Manamba aliyetolewa safari ya siku nyingi hakuwa na wa kumuuliza wala pa kurudi kesho. Hilo ni somo la kwanza: haki ya mshahara inaanza na uwezo wa kukataa.

Somo la pili limejificha zaidi. Mshahara wa mashambani ulipigwa kwa kipimo cha mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mfanyakazi alipewa posho yake na kijumba kambini, na fedha kidogo juu. Mke wake, watoto wake na wazee wake walilishwa na nani? Walilishwa na jembe la mke huko nyumbani. Akiugua au akizeeka, alirudishwa kwenye jembe hilo hilo. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyelima kijijini alikuwa akimsaidia mwenye shamba la mkonge kulipa mshahara mdogo, na yeye mwenyewe hakuwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Tena kulikuwa na kazi zisizo na mshahara kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Uluguru mpango wa kuhifadhi udongo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko. Lengo lilisemwa kuwa jema. Lakini udongo wa juu wenye rutuba ni mwembamba sehemu nyingi za milima yetu, na kuchimba matuta kulileta juu udongo usiozaa. Mtu akavunjika mgongo, halafu mahindi yake yakawa mabaya kuliko mwanzo. Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Watu wale hawakuwa wanadai mshahara, lakini swali lao lilikuwa lile lile: jasho hili linanirudishia nini?

Mijini nako swali hilo lilikuwa limeshaulizwa. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda bara kwa kufuata reli ya kati. Baada ya uhuru, mwaka 1963, nchi ikapata kima cha chini cha mshahara: shilingi 150 kwa mwezi kwa Dar es Salaam, na pungufu ya hapo kwingineko. Mfumo wa kipande nao ukatupwa miaka hiyo. Waajiri wa mkonge hawakulala, walipunguza watu. Bei ya mkonge duniani ilipoanza kuanguka baada ya mwaka 1964, kwa sababu ya kamba za nailoni na jamaa zake, wengi zaidi wakarudi makwao.

Sasa msomaji mwingine atasema, hayo ni ya wakata mkonge, sisi tumesoma. Vizuri. Tuwatazame waliosoma.

Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Serikali ilikuwa imewataka wasomi waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wa kazi zao. Wao wakaona wanaibiwa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400. Kisha akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mshahara huo ulikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Piga hesabu: mtu wa kima cha chini cha Dar, shilingi 150, alihitaji zaidi ya miezi 33 kuupata mshahara wa mwezi mmoja wa Rais.

Watu hubishana mpaka leo kama Mwalimu alifanya haki kuwafukuza wale vijana. Mimi sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Nachukua jambo moja tu. Wanafunzi walipima mshahara wao kwa kutazama juu, kwa wakubwa waliorithi viti vya wazungu. Mwalimu aliwalazimisha watazame chini pia, kwa mkulima aliyelipia masomo yao. Anayetaka kupima mshahara kwa haki inambidi atazame pande zote mbili. Ukitazama juu tu unakuwa na tamaa, ukitazama chini tu unakuwa manamba.

Miaka ya 1970 na 1980 Morogoro yetu iligeuka mji wa viwanda: tumbaku, turubai, ngozi, viatu. Kijana aliyepata kazi kiwandani alionekana mtu. Kima cha chini kilipanda kila mara, kutoka shilingi 380 mwaka 1975 hadi 810 mwaka 1984, lakini bei za vitu zilipanda kwa kukimbia, na shilingi 810 zikanunua kidogo kuliko zile 380. Kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilikusudiwa kutoa jozi milioni nne kwa mwaka. Hakikukaribia hata kidogo, mwisho kikafungwa. Hapo tena namba ilidanganya.

Tuje kwa rafiki yangu. Tulimaliza naye kidato cha nne. Mwaka 2024 aliitwa na kiwanda kimoja hapa mjini, akaambiwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kisheria hakuna tatizo: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kiasi hicho hicho kwa biashara na viwanda, na 140,000 kwa kilimo. Tukakaa na kalamu. Makato ya NSSF ya asilimia 10 yakaondoa 15,000, zikabaki 135,000. Chumba 30,000. Nauli 1,200 kwenda na kurudi kwa siku 26 ni 31,200. Chakula cha mchana kwa mama lishe, 2,000 kwa siku, ni 52,000. Jumla 113,200. Zikabaki 21,800 za chakula cha usiku cha mwezi mzima, sabuni, dawa na kila kitu. Jumapili sijaiwekea hata andazi.

Nikamuuliza, "Usiku utakula nini?" Akanijibu bila kufikiri, "Si mama atanishushia ndizi kutoka Kinole?"

Jibu hilo lilinikata maini. Miaka yote hii, na bado jembe la mama mlimani linamalizia mshahara wa kiwanda bondeni.

Kuna halali, ndugu msomaji, na kuna haki. Mshahara ule ulikuwa halali. Haki ni jambo la kuuliza maswali, na maswali wametuachia waliotangulia. La kwanza: mwezi wenu una siku na saa ngapi? Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Ukiambiwa shilingi 150,000 halafu ukatakiwa kila Jumapili bila nyongeza, jua umepewa kipande kwa jina jingine. La pili: mshahara huu unanilisha mimi, au unategemea jembe la mtu mwingine? La tatu: nikikataa, nina nini mkononi? La nne: watu wa chini na wa juu yangu hapa wanapata nini? Na la mwisho: je, makato yangu yanafika NSSF kweli, na kiwanda kitakuwepo mwakani?

Rafiki yangu aliuliza la saa za ziada na la NSSF. Akaonekana mjuaji, lakini alijibiwa, na la saa za ziada akaandikiwa kwenye mkataba. Mshahara haukuongezeka hata senti. Akaichukua kazi, kwa kuwa la tatu lilimshinda: hakuwa na shamba wala mtaji. Simlaumu. Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri mpya ya mishahara, ya kuanza Januari 2026, na viwango vikapanda. Ni jambo la kushukuru. Lakini hata kiwango kipya ni namba, na namba haijui mwezi wako una siku ngapi.

Manamba aliweka dole gumba kwa sababu hakuweza kusoma. Sisi tumesomeshwa, wengine kwa kuuza ndizi na mboga za mlimani. Basi tusiweke sahihi kabla ya kusoma, na tukishasoma, tupige hesabu, na ndani ya hesabu hiyo tumwandike na mama.