Majina ya mashamba ya Ayalandi

Majina ya mashamba ya Ayalandi ni majina wanayoyatumia wakulima kutambulisha makonde yao ndani ya vitongoji vya kale viitwavyo *baile fearainn*. Vitongoji hivyo, zaidi ya 60,000, ndivyo mgawanyo mdogo kabisa wa ardhi unaotambuliwa rasmi kisiwani humo, na vingi ni vya kabla ya uvamizi wa Wanormani wa karne ya 12.

Majina mengi asili yake ni Kiayalandi na hueleza sura ya ardhi: *gort* ni konde lililolimwa, *achadh* ni shamba, *cluain* ni malisho, *tobar* ni kisima. Mji wa Clonmel, kwa mfano, ni *Cluain Meala*, yaani malisho ya asali. Kati ya miaka ya 1820 na 1840 wapima ramani wa serikali ya Uingereza waliyaandika majina ya vitongoji kwa tahajia ya Kiingereza, wakisaidiwa na mtaalamu John O'Donovan. Maana nyingi zikafichika. Tamthilia ya Brian Friel, *Translations* (1980), inahusu kazi hiyo.

Majina ya makonde yenyewe kwa kawaida hayakuingizwa katika ramani hizo. Yalirithishwa kwa mdomo, na konde liitwalo *Páirc an Tobair*, shamba la kisima, huweza kuendelea kuitwa hivyo hata kisima kikishafukiwa. Ua wa miti ukiondolewa ili makonde mawili yawe moja, mara nyingi jina mojawapo hupotea.