Morelia, mji wa mawe ya waridi: mwongozo kwa msafiri Mkatoliki

Morelia ni mji wa nyanda za juu za Mexico, mita zaidi ya 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ni makao makuu ya jimbo la kiserikali la Michoacán, na ndipo penye kiti cha Askofu Mkuu wa Jimbo Kuu Katoliki la Morelia. Uliasisiwa mwaka 1541 kwa agizo la Antonio de Mendoza, mwakilishi wa mfalme wa Hispania, na kwa karne nyingi ukaitwa Valladolid, kwa jina la mji wa Hispania. Mwaka 1828, Mexico ilipokwisha kujitawala, ulipewa jina la mwanawe aliyezaliwa humo: Padre José María Morelos. Tangu mwaka 1991 kitovu chake cha kale kimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Wageni wengi huja kwa ajili ya majengo, nao hawakosei. Mji wa kale karibu wote umejengwa kwa jiwe la aina moja, lenye rangi ya waridi iliyofifia, ambalo jua la jioni hulifanya lionekane kama limewashwa kwa ndani. Lakini Mkristo anayetembea katika mitaa ile ana swali ambalo kamera hailijibu: mawe haya yalipandishwa na nani, kwa ujira gani, na Kanisa lilisimama upande upi? Huko Morelia majibu yamo mitaani, na hayakubaliani yote.

Kanisa Kuu linafaa kuwa mwanzo wa matembezi. Ujenzi ulianza mwaka 1660 na kukamilika 1744, na minara yake miwili hupita mita 60. Limewekwa kati ya viwanja viwili, kwa hiyo mtu aliyeketi katika uwanja mkuu huliona kwa ubavu. Limewekwa wakfu kwa heshima ya Kung'ara kwa Bwana, na fumbo hilo limechongwa juu ya mlango mkubwa. Ndani kuna kisima cha ubatizo cha fedha, na kinanda cha mabomba zaidi ya 4,000 kilicholetwa kutoka Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Fedha nyingine nyingi iliyokuwamo haipo tena. Serikali iliichukua mwaka 1858, wakati wa vita kati ya waliberali na wahafidhina.

Hazina ambayo msafiri asiipite haikufanywa kwa fedha. Ni sanamu ya Kristo Msulibiwa, iitwayo Bwana wa Sakristia, iliyofinyangwa kwa rojo la mabua ya mahindi. Ufundi huo ulikuwa wa Wapurépecha, wenyeji asilia wa nchi ile, hata kabla ya wamisionari kufika. Sanamu za namna hiyo ni nyepesi mno, hata mtu mmoja au wawili waweza kuibeba kubwa katika maandamano. Zao lililowalisha ndilo walilolitumia kuumba mwili wa Bwana, na hakuna katekesi ya utamadunisho iliyo fupi kuliko hiyo.

Kutoka hapo majengo ya mashirika ya kitawa yako karibu karibu, nayo hayahitaji siku nzima. Nyumba ya Wafransisko sasa ni mahali pa kuonyesha na kuuza kazi za mikono za mkoa. Nyumba ya watawa wa kike Wadominiko, Las Rosas, ikageuka mwaka 1743 kuwa shule ya wasichana iliyosifika kwa muziki, na muziki ungali ukifundishwa humo. Kanisa la Wajesuiti limekuwa maktaba. Vitabu vimesimama palipokuwa na altare. Chuo chao cha jirani kinaitwa leo Jumba la Clavijero, kwa jina la Padre Francisco Javier Clavijero aliyefundisha mjini hapo, kisha akaandika historia ya Mexico ya kale akiwa uhamishoni Italia. Mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti wote mwaka 1767. Miongoni mwa wanafunzi walioshuhudia walimu wao wakiondolewa alikuwamo kijana wa miaka 14, Miguel Hidalgo. Tutamkuta tena. Nyuma ya jumba hilo kuna soko la peremende, na anayependa mapera yaliyochemshwa kwa sukari hadi yakaganda asione haya kusimama.

Mashariki ya mji yanaanza matao ya mfereji wa maji, nayo ndiyo yanayostahili muda mrefu kuliko yote. Ni matao 253, yaliyokuwa yakibeba maji juu ya mitaa hadi mjini. Mwezi Agosti mwaka 1785 baridi kali iliua mahindi mashambani kabla hayajakomaa. Mwaka uliofuata watu wa nyanda za juu walikufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyoifuata, na waliosalia wakamiminika mijini kutafuta chakula. Askofu wa Michoacán wakati huo alikuwa mtawa, Fray Antonio de San Miguel. Alinunua nafaka, akawahimiza wenye mashamba kupanda upya, akaamuru pia mfereji wa zamani uliokuwa umebomoka ujengwe upya kwa matao ya mawe. Mji ulihitaji maji, ni kweli. Lakini kazi ilianzishwa hasa ili wenye njaa wapate ujira wala wasipange foleni ya sadaka. Kila tao ni mishahara ya familia fulani kwa siku kadhaa. Anayejua hivyo hatayahesabu matao yale kama anavyohesabu nguzo za jengo jingine.

Njia ya mawe yenye miti na mabenchi, iitwayo kwa jina la askofu huyo, hutoka kwenye matao hadi Patakatifu pa Bikira Maria wa Guadalupe. Ndani ya kanisa hilo kuta na dari vimejaa maua ya udongo yaliyopakwa rangi na dhahabu. Wapo watakaoona yamezidi. Anayesali rozari huko Jumamosi jioni pamoja na akina mama wa mtaa huenda akaona yametosha tu.

Askofu Antonio de San Miguel hakuishia kwenye matao. Mwaka 1799 hoja ilipelekwa kwa mfalme kwa jina lake, ikieleza jinsi wenyeji asilia na watu wa damu mchanganyiko walivyodhulumiwa, na kuomba waondolewe kodi ya kichwa. Mwandishi wake alikuwa padre msomi wa jimboni, Manuel Abad y Queipo. Miaka 11 baadaye, Abad y Queipo akiwa askofu mteule, Padre Miguel Hidalgo aliinua bendera ya uasi dhidi ya utawala wa Hispania. Walifahamiana. Hidalgo alikuwa amesoma na kuwa gombera wa Chuo cha Mtakatifu Nikolao, ambacho jengo lake bado lipo katika barabara kuu ya Morelia. Abad y Queipo alitangaza kwamba Hidalgo ametengwa na Kanisa. Mtu aliyeziona dhuluma na kuziandika kwa ufasaha hakuweza kumvumilia padre aliyetaka kuziondoa kwa upanga. Wala si haki kumfanya mmoja malaika na mwingine shetani, kwa kuwa majeshi ya Hidalgo nayo yalimwaga damu ya wasio na silaha.

Hidalgo aliingia Valladolid mwezi Oktoba 1810 bila vita. Tarehe 19 ya mwezi huo, kwa agizo lake, ilitangazwa mjini hapo amri ya kuwaacha huru watumwa. Sisi tunaotoka katika pwani na njia zilizotembezwa watumwa kwa minyororo tuna sababu ya kusimama kidogo katika mitaa ile, kwani miongoni mwa watumwa wa Mexico walikuwamo Waafrika wengi na wajukuu wao. Haikuwa mwisho, utumwa ulifutwa kwa sheria nchini kote mwaka 1829 tu.

Morelos, aliyezaliwa Valladolid tarehe 30 Septemba 1765 na kusoma katika chuo hicho hicho, aliiendeleza kazi baada ya Hidalgo kuuawa. Husimuliwa kwamba mama yake alishikwa na uchungu akiwa njiani kwenda kanisani, akajifungulia katika nyumba iliyokuwa jirani. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Alipokamatwa, baraza la Inkwizisio lilimhukumu, akavuliwa hadhi ya upadre, kisha akapigwa risasi tarehe 22 Desemba 1815. Mji wenye kiti cha askofu ukachukua jina lake miaka 13 baadaye.

Majeraha ya Morelia si ya kale pekee. Usiku wa sikukuu ya uhuru, tarehe 15 Septemba 2008, mabomu ya kutupwa kwa mkono yalilipuliwa katikati ya umati kando ya Kanisa Kuu na kuua watu wanane. Michoacán imeteswa sana na magenge ya dawa za kulevya. Hayati Baba Mtakatifu Francisko alipofika Morelia mwezi Februari 2016, aliwaonya mapadre, watawa na waseminari dhidi ya kishawishi cha kukata tamaa na kujizoeza uovu. Katika Misa hiyo alitumia kalisi na fimbo ya kichungaji vya askofu wa kwanza wa Michoacán, Vasco de Quiroga.

Kumfuata huyo inabidi kuondoka mjini. Pátzcuaro iko umbali wa karibu kilometa 60, juu ya ziwa, na ndiko kiti cha askofu kilikokuwa hadi kilipohamishiwa Valladolid mwaka 1580. Vasco de Quiroga alifika Mexico mwaka 1531 akiwa mwanasheria, hakimu wa mahakama ya mfalme, naye akaandika kwa ukali dhidi ya kuwafanya wenyeji watumwa. Alifanywa askofu akitoka katika ulei. Alikuwa amesoma Utopia, kitabu cha Mtakatifu Thomas More, akathubutu kukifanya kijiji: mwaka 1533, kando ya ziwa, alianzisha Santa Fe de la Laguna, mahali ambapo watu walifanya kazi saa sita kwa siku, mavuno yakagawiwa kwa kadiri ya hitaji, na wagonjwa, wajane na yatima wakatunzwa kwa mali ya wote.

Wapurépecha walimwita Tata Vasco, yaani Baba Vasco. Mhaya wa Bukoba angelielewa neno hilo bila mkalimani, ingawa kufanana huko ni bahati tu. Alikusudia kujenga Pátzcuaro kanisa kuu lenye mabawa matano, likajengwa moja. Alifariki mwaka 1565, na mabaki yake sasa yamo humo, katika Basilika ya Mama Yetu wa Afya, na sanamu ya Bikira Maria iliyo juu ya altare ni ya rojo la mabua ya mahindi, kama ile ya Kristo kule Morelia. Mwezi Desemba 2020 Papa Francisko aliidhinisha hati inayotambua fadhila zake za kishujaa.

Msafiri mwenye nafasi achague siku za mwanzo wa Novemba, familia zinapokesha makaburini kando ya ziwa kwa mishumaa na maua ya manjano kuwaombea marehemu wao. Katika kisiwa cha Janitzio watalii ni wengi mno siku hizo. Vijiji vidogo vina utulivu zaidi, na mgeni hupokewa vizuri akifika na mshumaa wake na kuiacha kamera mfukoni. Santa Fe de la Laguna yenyewe bado ni kijiji cha wafinyanzi, na vyungu vyao vyeusi huuzwa milangoni pa nyumba.