Habari za Kiasi cha Bunduki, tangu Gobori hata Ganda la Shaba

Katika kaskazini ya kisiwa cha Pemba, upande wa Msuka, yako magofu ya msikiti wa kale, na katika kibla yake umechorwa mwaka 816 wa Hijra, ndio kama mwaka 1414 kwa hesabu yetu. Watu walioujenga hawakuijua bunduki. Merikebu za Vasco da Gama zilikuwa hazijaonekana katika bahari hii, wala hazikuonekana mpaka mwaka 1498. Nalitanguliza jambo hili kwa kuwa wengi hudhani ya kwamba bunduki ni ya asili katika visiwa vyetu kama mkuki na upinde, kumbe sivyo. Walakini ilipokwisha kuingia, iliingia hata katika maneno yetu, na neno mojawapo ndilo nitakalo kulieleza, nalo ni kiasi.

Kila mtu ajua ya kuwa kiasi ni kipimo. Lakini katika Kiswahili cha zamani kiasi cha bunduki ni kile tukiitacho siku hizi risasi, yaani ganda lenye baruti ndani yake pamoja na kitu cha kurushwa. Kwa nini kitu kikaitwa kipimo? Kwa sababu hapo kwanza hapakuwa na ganda lo lote, palikuwa na kipimo tu. Mwenye gobori alipima baruti kwa pembe au kwa kikopo, akaimimina katika mdomo wa kasiba, akatia kizibo cha karatasi au kitambaa, akashindilia kwa mdeki. Kisha akatia marisau, akatia kizibo cha pili, akashindilia tena. Baruti ikipungua, ndege akaenda zake. Ikizidi mno, kasiba ikapasuka na mkono ukaharibika. Hapana mtu mwingine aliyempimia. Ujuzi wote ulikuwa katika mkono wake mwenyewe, na baba alimfundisha mwanawe kama afundishwavyo seremala.

Moto nao ulikuwa na historia yake. Bunduki ya gumegume ilipata moto kwa jiwe likigongana na chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa nje, kando ya mtambo. Sasa huko Uskochi alikuwako kasisi mmoja, Alexander John Forsyth wa parokia ya Belhelvie, naye alipenda mno kuwinda ndege wa maji. Akaudhika kuona ndege wakishtuka kwa mwako ule wa nje na kuruka kabla marisau hayajafika. Akatafuta dawa iwakayo kwa kupigwa tu, na mwaka 1807 akapewa hati ya serikali ya kuilinda kazi yake. Katika dawa hiyo ndiyo ilitoka fataki, kile kikofia kidogo cha shaba. Si mara nyingi tuonapo bata wakibadili silaha za dunia nzima.

Bunduki zilizoachwa Ulaya kwa kuwa zimepitwa na wakati ndizo zilizoletwa kuuzwa kwetu. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki 80,000 hata 100,000 zaingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka mmoja. Nyingi zilikwenda bara pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Serikali ya Kiingereza nayo ilikuwa imempa Seyyid bunduki 500 za Snider kwa ajili ya jeshi lililoongozwa na Lloyd Mathews, kusudi biashara ya watumwa ikomeshwe. Snider ilikuwa gobori la askari lililokatwa nyuma na kutiwa kifuniko, ili kiasi kiingie kwa nyuma badala ya mdomoni.

Tofauti hii si ndogo. Mwezi wa Desemba 1881, katika bahari iliyo kati ya Unguja na Pemba, Kapteni Brownrigg wa merikebu London alikuwa katika mashua ya moshi akitafuta majahazi ya watumwa, akashambuliwa na watu wa jahazi la Hindi bin Hattam. Kapteni alipiga bunduki, kisha akaigeuza akapigana kwa kitako mpaka akafa. Mathews akaenda Wete na askari wake, wakapigana, Hindi akakamatwa hali ana jeraha la kufisha.

Basi huja ganda la shaba. Shaba hii ya njano ni mchanganyiko, kama mafungu 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, nayo hutanuka kwa nguvu ya mlipuko, ikaziba moshi usirudi nyuma, kisha hujirudi kidogo, ikatoka kwa wepesi. Ganda la karatasi huungua na kuchakaa upesi, bali la shaba lililo nene vya kutosha hutumika tena na tena. Mwenyewe husukuma fataki iliyokufa, akatia mpya, akapima baruti, kizibo kinene, marisau, kisha kadi nyembamba juu. Mdomo wa shaba haukunjwi kama wa karatasi, kwa hiyo kadi hushikwa kwa gundi au nta. Tena ukuta wa shaba ni mwembamba kuliko wa karatasi, na nafasi ya ndani ni pana zaidi: kizibo cha bunduki namba 12 hulegea, hutakiwa cha namba 11 au 10. (Namba 12 maana yake ratli moja ya risasi hutoa tufe 12 zinazoenea kasiba ile.) Hivyo kipimo kilichokuwa kimekwenda viwandani kikarudi katika mkono wa mwenye bunduki.

Wakubwa wa dunia walijua ya kwamba kutawala kiasi ni kutawala bunduki. Katika Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 walizuia bunduki za kisasa, baruti na viasi visiingie katika Afrika kuanzia digrii 20 kaskazini hata digrii 22 kusini, pamoja na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za bahari kutoka pwani, Pemba imo. Lakini gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa njia kwa masharti. Sababu waliyoitaja ni biashara ya watumwa, nayo ilikuwa sababu ya kweli, ingawa waliouza bunduki zile walikuwa ni watu wao wenyewe.

Baruti ya zamani ni nyeusi, ya shura, makaa na kibiriti upele, nayo hutoa moshi mwingi. Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyo na moshi mwaka 1884; hata hivyo katika vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Wadachi walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, na moshi ukawaonyesha walipo. Siku hizi wako watu huko Marekani na Ulaya wapigao shabaha kwa desturi ya kale kwa kujifurahisha, nao hujaza maganda ya shaba kwa baruti nyeusi. Huyaosha upesi kwa maji ya moto, maana masizi yake hula madini. Ajazaye baruti ya kisasa kwa kipimo cha ile nyeusi huvunja bunduki na pengine uso wake.

Kwetu Pemba bunduki ya marisau iliwahi kuleta msiba wa namna nyingine. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine po pote duniani, hulala mchana kwa mamia katika miti mirefu, kama ile ya msitu wa Ngezi ulio jirani na Msuka, na kiasi kimoja cha marisau chaweza kuangusha wengi. Kufika mwaka 1989 walikuwa wamebaki wachache mno. Ndipo watu wa vijiji wakaunda vikundi vya kuilinda miti yao, Kidike na kwingineko, na mwaka 2008 popo walikisiwa kuwa 22,000.