Distributa, mvua na njia ya Mkomaindo

Wadau, juzi binamu yangu anayejifunza udereva kaniuliza: "Hivi distributa ndiyo nini?" Nikacheka mpaka akakasirika. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Nikiwa shule ya msingi, usiku mmoja tulishuka kutoka Newala kwenda hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Mjomba anaendesha Land Rover yake kuukuu ya petroli, mkewe amelala nyuma na bibi, uchungu umemshika. Mvua inamwagika. Tukavuka dimbwi, gari likakohoa, likazima.

Mjomba hakusema neno. Akafungua boneti, akafuata nyaya nene za plagi kwa kidole mpaka zilipokutana: kofia nyeusi ubavuni mwa injini, nyaya nne za plagi pembeni, ya tano ya koili katikati. Hiyo ndiyo distributa. Akaibandua kofia, akaifuta ndani kwa ncha ya kanga ya bibi. Maji yalikuwa yanaiba cheche. Gari likawaka.

Kifaa hicho kina historia ndefu. Mwaka 1909, mjini Dayton, Marekani, Charles Kettering na Edward Deeds walianzisha Delco, na mfumo wao wa kuwasha injini kwa betri ukafungwa kwenye Cadillac za 1910. Platini zikiachana, koili inatoa maelfu ya volti, na rota inapeleka cheche kwa kila plagi kwa zamu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 100 kila sekunde!

Land Rover ilizinduliwa 1948, wakati Waingereza wakifyeka pori la Nachingwea, jirani na Masasi, kwa ajili ya karanga. Mradi ule ulikufa 1951. Land Rover haikufa. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilikuja 1958, na ndiyo iliyomfundisha mjomba ufundi.

Yeye alianza na platini kila mara: nafasi iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, kwa sababu ukiigusa nafasi hiyo, taimingi nayo inahama. Kisha anazungusha injini mpaka pistoni ya kwanza ifike juu, valvu zake zote zimefungwa, rota ikitazama waya wa plagi namba moja. Zamu ni 1-3-4-2. Mwisho analegeza bolti ya distributa na kuizungusha kidogo kidogo. Cheche ikiwahi mno, injini inagonga mlimani. Ikichelewa, inachemka na kukosa nguvu.

Kuanzia miaka ya 1970 elektroniki zilianza kufuta platini, na baadaye distributa yenyewe ikatoweka kwenye magari mapya. Siku hizi kila plagi inaweza kuwa na koili yake, na tatizo linasomwa kwa kompyuta. Ni maendeleo, sibishi. Lakini kompyuta ile haikai kwenye kona ya kanga.

Tulifika Mkomaindo kabla ya alfajiri. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Sasa anajifunza udereva, na anauliza distributa ndiyo nini.